Mzee Mstari na Wakili Aliye Hai

Baba mkwe wangu husoma gazeti kuanzia nyuma. Habari za ukurasa wa mbele hazimhusu. Hufungua moja kwa moja kwenye matangazo ya vifo, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akashuka nayo taratibu kama mtu anayechambua mchele. Si kwamba anapenda misiba, ni kazi. Kwa miaka thelathini na moja amekuwa karani wa Daftari katika ofisi ya Chama cha mawakili wa nchi nzima, na Daftari hilo ndilo linalosema nani ni wakili na nani siye. Anayeapishwa, Baba humwandika kwa wino mweusi na kumpa namba. Anayekufa, Baba humpigia mstari mwekundu juu ya jina lake, na pembeni huandika tarehe.

Mimi niko ofisi hiyohiyo, upande wa chai na usafi. Baba ndiye aliyeniombea kazi nilipoolewa na mwanawe, ambaye ni dereva wa lori na hulala njiani siku nyingi kuliko nyumbani. Tunakaa nyumba moja, Baba chumba cha mbele, sisi cha nyuma. Asubuhi namwacha binti yangu kwa jirani yetu mshonaji, kisha tunaongozana na Baba hadi ofisini, ghorofa ya tatu, ngazi ambazo kila mwaka zinazidi kuwa ndefu. Kila anapofika penye kona husimama na kujifanya anasoma matangazo yaliyobandikwa ukutani. Namsubiri na mimi nikijifanya nasoma. Matangazo mengine tumeshayasoma mwaka mzima.

Mawakili humwita Mzee Mstari. Wakipita mlangoni kwake husema, "Mzee, mimi bado nipo," naye hujibu bila kuinua kichwa, "Najua, hukuwemo gazetini." Akimtazama mtu kwa muda mrefu kidogo, mtu huyo hujikagua. Kuna mmoja mnene, kila akipiga chafya mbele ya Baba husema ni vumbi tu, mzee, usichukue rula.

Lakini wanamheshimu. Namba zile wanazichukulia kwa uzito ambao mimi, niliyeishia darasa la saba, sikuutarajia kwa watu waliosoma hivyo. Mwenye namba ndogo ndiye mkubwa. Huyo husimama kwanza mahakamani na hukaa mbele kwenye mkutano wa mwaka. Nimewahi kupeleka chai chumba ambamo wazee wawili wenye mvi wamenuniana kwa ajili ya namba mbili zilizofuatana. Kwa hiyo Baba alijiwekea sharti lake mwenyewe: hampigii mtu mstari mpaka awe na karatasi mbili mkononi, tangazo la gazeti na barua ya jamaa wa marehemu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumfuta mtu kimakosa. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku kadhaa astaafu, na Chama kilikuwa kimeamua picha yake itundikwe kwenye korido ya maktaba, pamoja na za marais wa Chama. Angekuwa wa kwanza kutundikwa pale bila kuwa wakili. Alikwenda kupigwa picha akiwa na koti la kuazima, akarudi akasema ni upuuzi mtupu, ila nilimwona akijitazama kwenye kioo cha kabati.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatatu, yule mama alipokuja.

Nilikuwa napiga deki mlangoni. Alipanda ngazi kwa fimbo, amevaa suti nyeusi iliyochakaa viwiko na viatu vya raba. Nilimwamkia, akaitikia huku anahema, akauliza karani wa Daftari anakaa wapi. Nikamwonyesha. Alisimama mbele ya meza ya Baba mpaka pumzi ikatulia, ndipo akasema:

"Nimekuja kuulizia kaburi langu. Nimeambiwa wewe ndiye uliyenizika."

Baba alidhani ni utani wa kila siku. Akatabasamu, akamwomba aketi. Yule mama hakutabasamu. Alitaja namba yake ya uwakili, namba ndogo sana, ya watu wa zamani. Nilimwona Baba akilivuta Daftari la kwanza, lile kubwa lenye jalada la kitambaa, akalifungua, akashuka na rula. Halafu rula ikasimama. Nami nikasimama na fagio langu la deki, maji yakichuruzika mpaka kwenye kapeti.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Yule mama na mumewe wote walikuwa mawakili, ofisi moja katika mji mdogo ulio mbali. Waliapishwa siku moja, wakiwa vijana, wamefuatana kwenye foleni. Ndiko walikojuana, na baadaye wakaoana, naye akaomba jina lake kwenye Daftari libadilishwe, akachukua la ukoo wa mumewe. Kwa hiyo majina yao yalikaa yamefuatana, lake juu, la mume chini, ukoo mmoja, tarehe moja. Mwezi wa nane mume alifariki. Binti yao aliandika barua kwa Chama, na tangazo likatoka gazetini. Karatasi zote mbili zilifika mezani kwa Baba. Akaweka rula, akapiga mstari. Aliupiga kwenye jina la juu.

Tangu siku hiyo mume alikuwa hai na mke alikuwa marehemu. Orodha ya kwenye kompyuta ikachukua kutoka kwenye Daftari. Kwenye mkutano wa mwaka rais wa Chama akasoma majina ya waliotangulia, na ukumbi mzima ukasimama kimya kwa ajili ya mama ambaye wakati huo alikuwa kwake, bado anapokea wageni wa msiba wa mumewe. Waliomfahamu walidhani wamekwenda wote wawili. Hakuna aliyeuliza.

Yeye mwenyewe aligundua hayo mahakamani. Alikuwa na rufaa ya mama mmoja mfua nguo aliyefiwa na mume, na shemeji zake wakamnyang'anya mtoto wa miaka minne, na mahakama ya chini ikawaachia. Mwenye rufaa hakuwa na kitu, na Mama Wakili alikuwa akimtetea bure. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili, kijana wa kisasa, alisimama na karatasi kutoka orodha ya Chama. Akasema hati za rufaa zimesainiwa na mtu asiyekuwemo kwenye Daftari, na hati ya namna hiyo kisheria si hati. Muda wa kukata rufaa upya ulikuwa umeshapita. Jaji alitoa siku saba. Chama kieleze kwa kiapo nini kilitokea, na Daftari lenyewe liletwe mbele yake. La sivyo rufaa inatupwa, na mtoto anabaki kwa baba zake wadogo.

"Mimi kufa si neno," Mama Wakili alisema. "Nina miaka sabini na mbili. Lakini yule mfua nguo hana wakili mwingine wa kumfia."

Baba alikuwa anatazama tarehe aliyoiandika mwenyewe pembeni kwa mkono wake mzuri. Nami niliisoma nikiwa nimeinama kufuta maji. Niliitambua hapohapo.

Wiki ile ya mwezi wa nane binti yangu alikuwa amelazwa kwa nimonia. Alikuwa na miezi mitano. Mume wangu alikuwa safarini. Baba ndiye aliyekuja wodini kila jioni, akakaa kwenye benchi la korido na kuniambia nilale, yeye atasikiliza kikohozi. Na asubuhi, badala ya kurudi nyumbani, alinawa uso kwenye bomba la hospitali akaenda moja kwa moja kazini. Siku nne. Ile tarehe ilikuwa ya siku ya tatu.

Katibu wa Chama aliposikia alikuja mwenyewe mezani kwa Baba na kufunga mlango. Mimi nilikuwa ndani nakusanya vikombe, na mtu wa vikombe haonekani. Katibu si mtu mbaya. Ni mpole, huzungumza kama anayembembeleza mgonjwa ale. Alisema mambo yanaweza kwenda vizuri bila mtu kuumia. Chama kitaandika kuwa kosa lilitokea wakati wa kuingiza orodha kwenye kompyuta, na ule ukurasa wa Daftari, ambao hata hivyo umezeeka, unaweza kunakiliwa upya kwa usafi kabla ya kwenda mahakamani. Baba ana mwandiko uleule, wino uleule. Nani atajua?

Baba aliuliza ni nani aliyeingiza orodha kwenye kompyuta.

Katibu akasema ni yule dada wa mkataba, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwakani hata hivyo.

"Yule binti alinakili alichokikuta," Baba alisema.

"Mzee wangu, fikiria na picha," Katibu akasema. "Umebakiza mwezi mmoja. Watu wanataka kukuaga kwa heshima. Unataka waseme Mzee Mstari alimuua wakili kwa rula?"

Baba akasema atafikiria. Katibu alipotoka, alibaki amekaa na viganja juu ya Daftari, kama mtu anayezuia kifuniko cha sufuria. Nikamuuliza kama nimletee chai. Akasema chai haitasaidia, ila niilete.

Jioni ile tulimpitia mtoto kwa mshonaji. Nyumbani alimchukua binti yangu akampakata, mtoto akawa anamvuta ndevu. Nilipomaliza kuosha vyombo nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wake. Sikujua namna ya kuanza. Nikamwambia nimeiona tarehe. Nikamwambia aandike kwenye kiapo kwamba alikuwa na mgonjwa, na ikihitajika nitatoa cheti cha hospitali, ninacho kwenye mfuko wa kliniki, na jaji ni binadamu, ataelewa. Nilisema mengi kwa kweli, na mimi si msemaji. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu," akasema, "nikiandika hivyo nitakuwa nimemleta mjukuu wangu mahakamani kunitetea. Ana miezi minane. Mwache alale."

Nikamwambia basi aseme tu ni mimi nilimchosha. Alicheka kidogo, kicheko kikavu, akasema hivyo vitakuwa vichekesho, mkwe kumshitaki mkwe. Kisha akaomba nimpashie maji ya magoti.

Kesho yake alishuka ghorofa ya kwanza kwa wakili anayeshuhudia viapo. Nilimsindikiza kwa sababu alikuwa amebeba Daftari, na Daftari lile ni zito kama gunia la saruji. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepokea viapo vya watu, akavihesabu kurasa, akavigonga mihuri, akavirudisha vilivyokosa tarehe. Cha kwake hakuwahi kula. Wakili yule alimwandikia kwa mashine huku Baba akimtajia, na kilikuwa kifupi. Kwamba yeye ni karani wa Daftari. Kwamba alipokea taarifa sahihi ya kifo cha wakili mmoja, pamoja na karatasi zote mbili. Kwamba aliweka rula mstari mmoja juu ya pale palipostahili, akamfuta wakili aliye hai na kumwacha aliyefariki. Kwamba orodha ya kompyuta ilinakiliwa sawasawa kutoka kwenye kosa lake, na aliyeinakili hana hatia.

Wakili akauliza, "Na sababu ya kosa, mzee? Majaji hupenda sababu."

"Mahakama imeuliza nini kilitokea," Baba akasema. "Hicho ndicho kilichotokea."

Akanyanyua mkono wa kulia. Akaapa. Nikatazama dirishani.

Katibu alipopata nakala hakugomba. Aliikunja, akasema tu, "Basi, ndivyo ulivyoamua, mzee." Mchana nikasikia kwenye chumba cha chai kwamba habari ya picha imeahirishwa mpaka itakapoangaliwa tena. Nilipomwambia Baba alisema vizuri, lile koti lilikuwa linambana kwapani.

Siku ya mahakama nilipewa ruhusa ya kumsaidia kubeba. Nililifunga Daftari kwenye kitambaa cha meza nikalipakata mapajani kama mtoto. Mama mfua nguo alikuwa amekaa benchi la mbele yetu. Sikumjua, nilimtambua kwa mikono, ile ya kukaa kwenye sabuni, ngozi imekunjamana vidoleni. Wakati wote alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, kidogo, akikigeuzageuza. Hakuangalia nyuma hata mara moja. Nilitaka kumwambia tumelileta, liko hapa mapajani kwangu, lakini mahakamani hakusemwi ovyo.

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia. Alisoma kiapo, akaomba Daftari. Nililipeleka hadi kwa karani wake. Jaji akalifungua, akatazama majina yale mawili, kisha akamtazama Mama Wakili aliyesimama na fimbo yake, akarudi kwenye ukurasa. Akamwita Baba.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Wangu, Mheshimiwa."

"Ulikuwa na nini siku hiyo?"

Nilikaza meno. Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati hata karani wa mahakama akainua uso. Kisha akasema:

"Nilikuwa nimechoka, Mheshimiwa."

Basi. Hakuongeza. Nilijua ndani ya neno lile kulikuwa na benchi la korido na bomba la hospitali, na mle ukumbini ni mimi peke yangu niliyejua.

Wakili wa upande wa pili alisimama akasema uchovu wa karani hauwezi kuifufua hati iliyokufa. Jaji akamjibu kwamba hati haikufa, na aliyeisaini pia hakufa, kama yeye wakili anavyoweza kujionea akigeuka kulia. Watu walicheka chini chini. Jaji akasema kiapo kimeeleza bila kuficha, Daftari limeletwa bila kuguswa, na kosa la Chama halitabebeshwa mama wa mtoto. Hati zimepokelewa. Rufaa itasikilizwa wiki mbili zijazo. Chama kisahihishe Daftari mara moja, kila mmoja kwenye mstari wake, mbele ya wakili mhusika.

Mama mfua nguo hakuelewa mara moja. Mama Wakili ilibidi ainame amweleze sikioni. Nikaona mabega yake yakishuka, akakiweka kile kiatu ndani ya mfuko wake na kufunga zipu.

Asubuhi iliyofuata Baba alikuta barua mezani. Ilimshukuru kwa utumishi wake, ikamwarifu kwamba siku zake zote za likizo zilizobaki anaweza kuzianza leo, na kwamba Daftari atalikabidhi kwa ofisi ya Katibu ikifika saa nane mchana. Aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kidau cha wino. Akanituma nimwambie Katibu kwamba bado kuna kazi moja ya amri ya mahakama, na Mama Wakili yuko njiani. Katibu alituma jibu kwamba yule dada wa kompyuta anaweza kuifanya.

Mama Wakili alipofika na kuambiwa hivyo alisema hapana. Aliyekosea ndiye asahihishe, yeye hataki mkono mwingine kwenye jina lake. Katibu akaja akasimama mlangoni, akawa shahidi.

Baba aliandika kwanza juu ya jina la mama, kwa wino mweusi, herufi ndogo ndogo: mstari huu umepigwa kwa makosa, wakili yu hai. Akaweka saini na tarehe. Katibu naye akasaini. Kisha Baba akachukua kalamu nyekundu na kushusha rula mstari mmoja chini. Akatazama mara mbili. Akatazama mara ya tatu.

"Subiri kidogo, ndugu yangu," Mama Wakili akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, fimbo katikati ya magoti. Hakuwa analia. Alisema tangu mwezi wa nane ameshasaini karatasi nyingi sana za mumewe, za hospitali, za mochwari, za benki, akasaini zote bila kusita. Hii hakuijua kama ipo. Miezi mitatu hii, alisema, kumbe kuna mahali mumewe bado alikuwa wakili.

Katibu alitazama viatu vyake. Mimi nilikwenda kutengeneza chai, kwa sababu ndicho ninachokijua, nikamletea yenye sukari nyingi. Aliinywa yote, polepole, na Baba alimsubiri na kalamu imefunguliwa, wala hakuonyesha kwamba mkono unamuuma. Alipomaliza aliweka kikombe chini. Akanyoosha kidole akakiweka juu ya jina.

"Hili," akasema. "Hapa."

Akaondoa kidole, na Baba akapiga mstari.

Saa nane ilikuwa bado haijafika, lakini Baba alilifunga Daftari akalisukuma upande wa Katibu. Alikusanya miwani yake, kopo la peremende na mto wa kiti. Rula aliiacha, ilikuwa ya ofisi. Akaniuliza kama nimebakiza kazi nyingi. Nikasema vikombe tu. Akasema atanisubiri, tushuke pamoja, maana siku hizi hata kushuka kunamchosha.

Nikaosha vikombe. Nilipotoka alikuwa kwenye ngazi, kona ya kwanza, amesimama mbele ya matangazo.